Andika Nimekufa

Watu waliowahi kuuguza Kabanga wanamkumbuka Pelagia kwa ugali wake wa muhogo. Mwenye mgonjwa wodini ana njaa ya namna yake, njaa isiyokuwa na hamu, na Pelagia aliijua. Aliyeshindwa kula alimpa kwanza mchuzi wa maharage yaliyoungwa kwa mawese, kisha akasimama karibu naye, akijifanya anafuta meza, mpaka tonge la kwanza lishuke. Banda lake lilikuwa la mabanzi na turubai, kando ya barabara iendayo hospitali. Nyuma ya banda, barabara ameipa mgongo, alikaa mama yake akimenya muhogo.

Wateja wengi walidhani yule bibi ni bubu. Hakuwa bubu. Jina lake Daforoza Ntirampeba, na alivushwa mpaka wa nchi akiwa mkimbizi, mwaka wa sabini na mbili, binti mdogo asiyejua kwa nini wameondoka nyumbani na kuacha mlango wazi. Familia ya Waha wa Murungu, kule Kibondo, ilimkuta amelala shambani kwao, ikamlea. Kiha na Kirundi ni watoto wa tumbo moja, lakini mwenye sikio huwatofautisha. Bi Daforoza alikulia Tanzania, akaolewa Tanzania, akazeekea Tanzania, na bado ilitosha afungue kinywa mara moja tu mtu amuulize, "Bibi, kwani wewe wa wapi?" Kwa hiyo mbele za watu alinyamaza. Maneno yake aliyaweka akiba ya nyumbani, na huko aliyamwaga: aliimba, aligomba na kuku, alimcheka mjukuu wake Careen kwa kusonga ugali wenye madonge.

Mumewe alikuwa Cleophas, Muha wa Titye. Pelagia ndiyo kwanza anaanza kusimama dede, radi ikampiga Cleophas shambani. Mdogo wa marehemu, Castory, hakumfukuza mjane. Mwenyewe ndiye aliyeondoka, kwa sababu kila wingu lilipokusanyika juu ya Titye miguu ilimwisha nguvu. Akaja Kabanga na mtoto mgongoni. Cheti cha ndoa hakikuwapo, cha kuzaliwa mtoto hakikuwapo, na miaka ile hakuna aliyeviulizia.

Baadaye serikali iliwaandikisha watu wa sabini na mbili waliokuwa wakiishi vijijini. Bi Daforoza alirudi Murungu, akaweka dole gumba, akapewa kikaratasi, akaambiwa asubiri uraia. Akasubiri. Waliomwandikisha wakahamishwa, wengine wakastaafu, Careen akazaliwa, akaanza shule, akamaliza kidato cha nne. Bibi bado anasubiri.

Pelagia yeye hakujihesabu miongoni mwa wanaosubiri. Baba yake Muha, kaburi lake liko Titye, basi. Laini yake ya simu ilisajiliwa kwa kitambulisho cha jirani. Mumewe alikwenda kutafuta dhahabu Geita, akapiga simu mwaka wa kwanza, kisha hakupiga tena. Maisha yalikwenda bila kadi, kama yanavyokwenda ya wengi kwenye milima ile, mpaka siku ilipotangazwa kwamba mabanda ya turubai yataondolewa, na vibanda vipya vya matofali watapewa wenye namba ya mlipakodi na leseni.

Pelagia akavaa kitenge chake kizuri akaenda Kasulu, ofisi ya mapato. Kijana wa dirishani alimsikiliza kwa adabu.

"Mama, namba ya mlipakodi inatokana na namba ya NIDA. Usiponipa hiyo, hapa kwenye kompyuta sifiki popote."

"Lakini mwanangu, mimi nimekuja kulipa. Sijaja kukwepa."

"Nakuelewa, mama. Ningekuwa na njia ningekupitisha."

Akaambiwa aanzie kwenye kitambulisho cha taifa. Siku iliyofuata akaenda tena Kasulu, safari hii na mama yake, kwa Nurudini, mwenye duka la fotokopi jirani na msikiti. Nurudini alikuwa mtu wa Ujiji, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni, na wengi wa namna ya Pelagia walipita kwake kujaziwa fomu. Akauliza jina la baba, akaandika. Alipofika kwa mama akaweka kalamu chini.

"Dada Pelagia, nikwambie ukweli nisije nikakuingiza shimoni. Kisheria baba yako anakutosha. Tatizo huna cheti, na baba hakuacha karatasi hata moja. Nikiandika hapa kwamba mama ni wa wale wa sabini na mbili, wataliunganisha faili lako na lake. La kwake likisubiri, na lako litasubiri. Nimewaona wengi."

"Miaka mingapi?"

Nurudini alimtupia jicho Bi Daforoza, aliyekaa kwenye benchi na mkoba magotini.

Yule bibi, ambaye mbele ya wageni hakuwa akitamka neno, akasema kwa Kiswahili chake kizito, "Andika nimekufa."

"Mama!"

"Oya, mwana wanje," alimkatalia bintiye kwa Kirundi. "Andika. Mimi nimesubiri, sikuona kitu. Na Careen wako naye asubiri? Andika, baba, andika."

Nurudini alisema yeye haandiki uongo, anaandika anachoambiwa na mwenye fomu. Wote wawili wakamtazama Pelagia. Nje muuza viatu alikuwa akinadi kwa kipaza sauti, na Pelagia alikumbuka baadaye kwamba alikuwa akisikiliza bei za viatu. Kisha akaitikia kwa kichwa.

Castory alikuja kutoka Titye kuapa kwamba Pelagia ni mwana wa kaka yake. Alikuwa mzee sasa, mkavu, mwenye kikohozi. Alipoelezwa mambo yalivyo aliiacha chai ikapoa.

"Kwa kaka yangu nitaapa hata mbele ya altare," alisema. "Wewe ni damu yake, hata ukitembea naona miguu yake. Lakini shemeji yangu simzulii kifo. Wakiniuliza nitasema tuliachana siku nyingi, sijui habari zake. Zaidi ya hapo usinitume."

Mahojiano yalifanyika Kasulu. Afisa wa uhamiaji aliitwa Ghati, mwanamke wa Tarime aliyeletwa Kigoma kikazi, mnene kidogo, mwenye sauti ya kutuliza. Aliuliza majina ya babu, jina la mlima, shule, mto wanakochota maji. Pelagia alijibu vizuri. Castory alikwisha kutoa ushahidi, tena kwa machozi.

"Na mama?"

"Alifariki, afande."

"Pole sana. Lini?"

"Miaka… kama sita hivi."

"Amezikwa wapi?"

Hapo hawakuwa wamejiandaa. "Murungu," Pelagia alisema, na kwa kuwa Ghati alikuwa bado anamtazama, maneno yakaanza kutoka yenyewe. Akasema mvua ilinyesha siku ile, udongo ukawa tope, wachimbaji wakateleza, jeneza likaingia maji. Hayo yalikuwa mazishi ya baba yake kama mama yake alivyomsimulia. Alipomaliza alikuwa analia kweli.

Ghati akamsogezea karatasi laini. "Mimi wangu nimemzika mwaka jana," alisema. "Mpaka leo nikipika uji namwekea kikombe. Basi, mama, nyamaza. Watakuja wenzangu kufanya uhakiki nyumbani, usiogope, ni utaratibu tu."

Pelagia na mama yake walirudi Kabanga na hilo neno, uhakiki. Bandani Bi Daforoza aliambiwa maana yake, akaendelea kumenya. Jioni akala vizuri, akamsuka Careen nywele, akamwambia binti yake kesho anunue muhogo wa wale wauzaji wa chini, wa juu wanauza ulioanza kuoza. Asubuhi Pelagia alipokwenda kuwasha moto bandani, mama alibaki nyumbani akisema mgongo unauma. Pelagia aliporudi kuchukua masufuria alimkuta Careen amesimama mlangoni.

"Bibi amepanda lori la maharage. Amesema nikwambie amekwenda nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Sikuuliza. Nilidhani Murungu."

Murungu hakufika. Pelagia alipiga simu huko, na kwa kila aliyemjua Kibondo, mpaka mtu mmoja akasema amemwona bibi wa namna hiyo akielekea Mabamba, mpakani, siku ya gulio, anatembea na watu wanaorudi ng'ambo.

Wahakiki walikuja bado Pelagia hajajua la kufanya. Walikuwa wawili, wakakaribishwa viti, wakatazama nyumba. Mmoja akamuuliza Careen, kama mtu anayepiga soga tu, "Na bibi yako mzaa mama je?" Pelagia hakuwa amemfundisha mtoto lolote. Careen akamtazama yule afisa usoni akasema, "Bibi alifariki." Akaenda jikoni kuwaletea maji. Mama yake aliisikia sauti ile siku nyingi baadaye, jinsi ilivyokuwa nyepesi.

Namba ilitoka. Ikafuata namba ya mlipakodi, ikafuata leseni, na Pelagia akapewa kibanda cha matofali chenye mlango wa bati na jina lake kwa rangi ya bluu. Wa mapato walikuja wakamkadiria kodi, naye akalipa awamu ya kwanza, akabandika risiti ukutani. Kusema kweli alifurahi. Alisajili laini yake mwenyewe. Alikaa benki kwenye kiti cha wateja akasubiri kuitwa kwa jina, na alipoitwa akaitika kwa nguvu hata watu wakageuka. Muhogo sasa ulimenywa na binti wa kuajiriwa, aliyeacha vipande vya ganda kwenye nyama ya muhogo.

Mabamba alikwenda mara tu alipoweza. Alitembea gulio zima akiuliza, gulio la kwanza asipate kitu, la pili vivyo hivyo. Mwishowe mwanamke mmoja muuza vitenge kutoka Kibondo, Shadia, akamwambia kuna bibi kutoka ng'ambo anayekuja kuokota maharage yanayomwagika wanapopima magunia. "Hasemi," Shadia alisema. "Tunampa chai, anashukuru kwa kichwa."

Mama alikuwa amekonda, na kanga aliyojifunga haikuwa yake. Walikaa nyuma ya meza ya Shadia, wameshikana mikono.

"Kwetu kuna watu wengine," Bi Daforoza alieleza hatimaye. "Shamba la baba wanalilima watoto wa watoto wa watu nisiowajua. Mkuu wa kilima, mwenyekiti wao wa kijiji, ananiuliza, uko wapi ushahidi, kiko wapi kitambulisho chako, karangamuntu. Nimemwambia sina. Anasema basi mimi ni Mtanzania, nirudi kwetu." Akacheka kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo. "Nalala jikoni kwa mjane mmoja. Namlimia. Hana ubaya."

"Twende nyumbani, mama. Leo hii."

"Umeshapata?"

"Nimepata."

"Na cha mtoto?"

Careen alikuwa amechaguliwa chuo cha uuguzi, na cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa kimeombwa kwa namba ya mama yake. Kilikuwa bado. Majirani Kabanga walikwisha kuambiwa bibi amekwenda kwa ndugu, na mmoja wao alikuwa na shemeji uhamiaji. Vyote hivyo vilimpita Pelagia kichwani kwa mpigo mmoja, na mama yake akavisoma usoni, maana alimzaa.

"Basi subiri kitoke," Bi Daforoza akasema. "Mimi nipo."

"Kikitoka tu, mama. Kikitoka tu nakuja."

Alimwachia blanketi, unga na dawa ya mgongo. Cheti kilitoka. Pelagia akajiambia, ngoja Careen aanze chuo, atulie kwanza. Careen akaanza. Akajiambia, ngoja ukaguzi wa vibanda upite. Aliendelea kutuma vitu kwa mkono wa Shadia, sukari, sabuni, sweta, na kila kifurushi kilipokwenda alijisikia kama mtu aliyelipa kidogo akaongezewa siku. Mvua za masika zilikuwa zimeshika ndipo Shadia alipopiga simu.

"Mama Careen, huyu mzee wako si wa kuja gulioni tena. Wamemleta wamembeba. Njoo."

Walimchukua kwa pikipiki kwenye njia ya mashambani, Bi Daforoza katikati, dereva mbele, Pelagia nyuma amemkumbatia ili asidondoke. Alikuwa mwepesi kama tenga tupu, na kifua kilikuwa kinakoroma. Pelagia alikuwa amekusudia kumpeleka moja kwa moja Kabanga, ampikie uji, amlaze kitandani kwake. Walipofika Kibondo akaona hawatafika.

Hospitalini mpokezi aliuliza jina la mgonjwa. Shadia, aliyekuja nao, akamnong'oneza Pelagia, "Taja jina langu. Sema ni mama yangu mdogo. Mimi karatasi zangu hazina neno."

Mama yake alikuwa amelazwa kwenye machela, macho wazi, anamwangalia. Hakuashiria lolote, wala ndiyo wala oya.

"Daforoza Ntirampeba," Pelagia alisema.

"Wewe ni nani wake?"

"Mwanawe."

"Kitambulisho?"

Akakitoa. Yule mpokezi akanakili namba, asijue anachonakili, akamwambia asogee pembeni amwachie anayefuata.

Bi Daforoza aliishi siku chache. Siku moja aliamka na akili timamu kabisa akauliza kama yule binti wa kuajiriwa ameshajua kumenya. Siku nyingine aliongea na watu wa kwao, akawaambia wafunge mlango. Alifariki mchana, watu wa wodi wakiwa wanakula, na Pelagia alikuwa ameshika bakuli la uji ambalo hakujua aliweke wapi.

Castory ndiye aliyesema azikwe Titye, kando ya Cleophas. Alichimba mwenyewe mpaka kikohozi kikamkamata, vijana wakamnyang'anya jembe. Careen alikuja kutoka chuo, akasimama mbali na mama yake. Watu walipotupa udongo, Castory akasema kwa Kiha, kwa sauti ya kawaida kama anayezungumza na mtu aliye karibu, kwamba shemeji asiogope tena mawingu.

Baada ya matanga Castory alimshauri mwana wa kaka yake kwa upole. "Kifo nitakiandikisha mimi, ukoo wa mume. Wewe usiweke jina lako. Nani atajua?"

"Baba mdogo, nimeshamwandika mara moja kwa uongo."

"Ndiyo, na ulipata ulichokitafuta. Sasa kiache."

Wiki iliyofuata Pelagia alipanda gari la Kasulu akiwa na karatasi ya hospitali, akakaa foleni ya uhamiaji, akaingia kwa Ghati. Afisa alimkumbuka. Alitabasamu, akaanza kuuliza habari za biashara, kisha akaisoma karatasi, akafungua kabati, akatoa faili, akasoma tena.

"Uliniambia alikwisha kufariki."

"Sasa ndiyo amefariki, afande."

"Uliniambia Murungu. Mvua. Jeneza likaingia maji." Sauti yake haikupanda. "Nililala na hayo maneno yako. Nilimsimulia hata dada yangu."

"Nilisema uongo. Alikuwa benchi la nje siku ile, amekaa na mkoba wangu."

Ghati akainuka, akaenda dirishani, akarudi. Alionekana kama mtu anayetafuta mahali pa kukanyaga. "Kwa nini umekuja, mama? Hakuna aliyekuita."

Pelagia alisema tu, "Nataka aandikwe alipofia. Na kwamba ana mtoto."

"Mimi lazima niripoti. Unaelewa? Siwezi kulifunga hili faili nikajifanya sikukuona."

"Naelewa."

"Baba yako ni wa hapa, hilo halibadiliki, na nitaliandika kwa mkono wangu. Lakini ulitoa maelezo ya uongo, na watu wa juu ndio watakaoamua. Mpaka waamue, namba yako isitumike."

Ilizuiwa kweli. Leseni ilipofika mwisho wake haikuweza kuhuishwa, na kibanda akapewa mama mwingine aliyekuwa akisubiri zamu, mwanamke mwema tu, ambaye alikuja kuomba radhi kabla ya kuhamia. Pelagia alirudi na mabanzi yake hatua chache mbele, mahali ambapo hawakuwa wanafukuza bado. Kodi ya miezi aliyofanya kazi ndani ya matofali ilibaki inadaiwa, naye aliilipa kidogo kidogo kwa yule yule kijana wa dirishani.

Careen alirudi likizo. Cheti chake nacho kilikuwa kinaangaliwa, na chuo kimemwambia aendelee kusoma, ila mtihani wa mwisho hatasajiliwa mpaka jambo liishe. Alisubiri mpaka wateja watoke, ndipo akasema.

"Shadia alikwambia utaje jina lake. Babu Castory akakwambia uache. Kila mtu alikuonesha mlango, mama. Bibi mwenyewe alikufa ili mimi nisome. Sasa amekufa bure."

"Mwanangu…"

"Na mimi nilimwambia yule afisa bibi amefariki. Unajua nilijisikiaje? Nilisema kwa ajili yako. Wewe ukaenda ukanigeuza mwongo."

Pelagia alikuwa na maneno. Alitaka kumwambia jinsi mama yake alivyomwangalia kutoka kwenye machela, asiombe kitu, na jinsi alivyoona wazi kwamba akilitaja jina la Shadia, mama yake angekufa akiwa mtu wa Shadia. Lakini msichana alikuwa amekaza shingo, machozi yanamtoka na hayafuti, na hayo maneno yangemfikia kama kujitetea. Akampakulia ugali, akamwekea maharage, akamsogezea. Careen hakula. Waliingia watu watatu waliotoka wodini, wamechoka, wanauliza kama kuna chochote cha moto, na Pelagia akainuka kuwahudumia.

Barua kutoka juu bado haijafika. Kila akipata nauli Pelagia huenda Kasulu kuulizia, na Ghati humwambia asubiri, naye hukaa kwanza kwenye benchi la nje kidogo, apumzishe miguu, kabla ya kutafuta gari la kurudi.